Kuku Walioliwa kwa Niaba ya Taifa

Nchi yenyewe ipo, na majirani zake wanaijua vizuri, ila jina lake halitajwi hapa. Kulitaja nje ya hotuba kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali ilifungwa siku mtoa vibali alipokwenda kuomba kibali cha kusafiri. Tuseme tu ni nchi yenye bendera nzuri, mito mingi, na mawaziri wengi kuliko mito.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Vichochoroni, aliishi Mashavu binti Kirobo, mjane mwenye sauti ya kumwita mtu akiwa sokoni na baraza ambalo halikupata kukosa makalio. Asubuhi ungewakuta wasusi, mchana wachuuzi wa mitumba waliokimbia jua, jioni mtaa mzima na habari zake. Nani kaachika, nani kaolewa kwa siri, nani kajenga geti kabla ya nyumba: yote yaliingia kwa Mashavu yakiwa mabichi na kutoka yakiwa yameungwa nazi. Na aliyekaa pale hakuondoka na njaa. Wengine hujulikana kwa ukoo wao, wengine kwa mali. Mashavu alijulikana kwa kulisha watu bila kuwahesabia matonge.

Nguvu ya ukarimu huo ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kuku. Mume wake alipofariki, shemeji zake walibeba kabati, redio na kitanda. Kuku waliwashinda mbio. Tangu hapo ndio waliomlisha, wakamvisha, wakampa na kile kiburi chake cha kusema "karibu" hata kabla hodi haijaisha. Mayai yake yalisifika hadi stendi. Vifaranga vyake viliwekewa oda vikiwa bado kwenye ganda.

Sasa, kila mwenye adabu anajua kwamba kumsimanga mtu kwa chakula ni uchafu. Mgeni akila, kala; humwambii kesho yake, "Lile paja la jana lilikuwa langu." Nchi hiyo ilichukua adabu hii ikaitia kwenye sheria. Inasemekana, na Mashavu ndiye aliyesema, kwamba ilianzia siku mpishi wa Ikulu alipomuuliza mheshimiwa mmoja, "Mzee, hii si sahani ya tatu?" Mpishi hakuonekana tena. Bunge likakaa kwa dharura, likapitisha Sheria ya Kuzuia Masimango. Ikawa marufuku kutaja, kuandika, kuchora wala kuonyesha kwa kidole kitu chochote ambacho kiongozi amekila. Magazeti nayo yakajifunza. Yaliandika "Waziri ahudhuria chakula cha mchana" yakaishia hapo, kana kwamba alikwenda kukitazama.

*

Mwaka huo mahindi yaliadimika, na dagaa, ambao zamani hata paka aliwachagua, wakawa wanapimwa kwa kikombe cha kahawa. Mkuu wa Nchi akapanda jukwaani.

"Haiwezekani," alinguruma, "kuku na mwananchi wagombee hindi moja!"

Watu walishangilia, wakidhani hindi watapewa wao. Kumbe Mkuu alimaanisha kuku atafutiwe chakula kingine. Kuhusu mwananchi, hotuba ilikuwa imekwisha.

Kazi ikapewa Wizara ya Mabawa na Manyoya, chini ya Mheshimiwa Dokta Dokta Sangoda. Udokta wa kwanza alijipa mwenyewe. Wa pili alitunukiwa baada ya watu kuanza kuuliza ulikotoka wa kwanza. Wizara ilikuwa na kituo chake cha utafiti chenye mabanda ya zege, lakini mabanda yalikwisha kugeuzwa ukumbi wa semina, na semina ya "Umuhimu wa Mabanda" ilikuwa bado inaendelea. Ikaamuliwa wananchi washirikishwe. Katika nchi hiyo kushirikishwa ni jambo jepesi: kitu ni chako, amri ni yao.

Ndipo siku moja barazani kwa Mashavu akatokea Bwana Mifugo wa kata, Chilumba, mtu mrefu aliyenyooka kama mwiko, na futi kamba mkononi.

"Bi Mashavu, hongera," alisema. "Kuku wako wameteuliwa."

"Wameteuliwa kuwa nini, baba? Wakuu wa wilaya?"

Baraza likaangua kicheko. Mwajabu, msusi, aliyekuwa ameshika kichwa cha mtu katikati ya magoti, alicheka hadi akakivuta kichwa cha watu.

"Kuku wa utafiti, mama. Watalishwa lishe mbadala kwa niaba ya taifa. Mwisho wa jaribio, watakaosalia utarudishiwa."

"Watakaosalia? Kwani wanapelekwa vitani?"

"Ni lugha ya kitaalamu tu," alisema Chilumba, akaanza kupima ua.

Mashavu alikubali. Ukweli ni kwamba hakuulizwa, lakini alikubali kwa furaha, maana aliona mbele yake magari ya serikali yakiegesha kwake na mtaa mzima ukichungulia. Kuku wake wakagawanywa mabanda matatu. Banda la kwanza waliendelea na pumba za mahindi na dagaa kidogo, ili wengine wapimwe kwao. Banda la pili walipewa majani ya mlonge yaliyokaushwa, mashudu ya alizeti na maganda ya muhogo. Ni pendekezo la chuo kimoja kidogo cha mkoani, ambacho baada ya kupendekeza kilisahauliwa. Banda la tatu walipewa maranda.

"Maranda haya ya mbao?" aliuliza Mashavu. "Si ndiyo tunayowatandikia chini wakanyage?"

"Yamesagwa," alisema Chilumba bila kumtazama usoni. "Na yamebadilishwa jina. Sasa yanaitwa Nyuzi Lishe Asilia."

Mtaa haukuhitaji kuambiwa zaidi. Kiwanda cha mbao cha pale mjini kilikuwa cha shemeji yake Dokta Dokta Sangoda, na vilima vya maranda vilikuwa vimeziba barabara hadi maiti zikawa zinapitishwa kwa baiskeli.

*

Kuku wa banda la pili walishangaza watu. Walinawiri, wakang'aa, wakanenepa vifua hadi wakitembea walitikisika kama maharusi wa Jumamosi. Kiini cha yai lao kilikuwa cha rangi ya machungwa, na mayai yenyewe wakayataga bila kuombwa. Wale wa mahindi walikuwa kama walivyokuwa siku zote. Wale wa maranda walisimama tu pembeni, shingo ndefu, macho yamewatoka, wakiitazama dunia kama watu waliosahauliwa kituo cha basi.

Mwajabu hakuweza kuwavumilia. Kila watu walipokula, alikusanya ukoko wa ugali na mabaki ya sahani, akawatupia juu ya uzio.

"Shika, ndugu zangu," aliwaambia. "Hata mahabusu hupewa kitu."

Kwa ukoko wa baraza la Mashavu, wakaishi. Hilo halikuingia kwenye utafiti.

Kisha wakaja wageni. Wa kwanza ilikuwa Kamati ya Kuangalia Mwelekeo: magari mawili, mwenyekiti, makamu, katibu, na watu wengine ambao kazi yao ilikuwa kukubali. Mwenyekiti alipita banda la tatu akiwa ameziba pua. Kwenye la kwanza alishusha pumzi. Kwenye la pili akasimama, akameza mate.

"Yule pale," alisema, akimwonyesha mtetea mwekundu kwa fimbo, "yule mwenye kifua. Anaonekana ana matokeo."

"Anayo, Mheshimiwa," alijibu Chilumba.

"Tungependa kuyaangalia matokeo yake kwa karibu."

Na Mashavu angefanya nini? Mgeni wa heshima huchinjiwa. Kumpa mchicha mtu aliyekuja na dereva ni kumtukana yeye pamoja na dereva. Tena alifurahi, mwanamke wa watu; alimkonyeza Mwajabu, "Umeziona gari, lakini?", akaenda kubandika maji. Dereva akachinja. Madereva wa serikali katika nchi hiyo huajiriwa kwa vitu viwili, leseni na kisu.

Taabu ilitokea kwenye firigisi. Utaratibu wa utafiti ulitaka firigisi ya kila kuku ipelekwe maabara, ipimwe unene ili ijulikane lishe imemfanyia nini. Lakini kila mtu anajua firigisi ni ya mkubwa wa meza. Chilumba alisimama mlangoni na kichupa chake.

"Firigisi ya maabara ni ipi, na yangu ni ipi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kuku ana moja tu, Mheshimiwa."

"Basi maabara itasubiri kuku mwingine."

Maabara ilisubiri. Inasemekana hadi leo kuna mtu kule amekaa na koti jeupe na mizani iliyopanguswa.

Baada ya Kamati ilikuja Tume ya Kufuatilia Kamati. Baada ya Tume, Kikosi Kazi cha Kuthibitisha Tume. Kisha Dokta Dokta Sangoda mwenyewe akafanya ziara ya kushtukiza, iliyotangazwa redioni wiki nzima ili watu wajiandae kushtuka. Wote walipita njia ile ile: pua imezibwa, pumzi imeshushwa, mate yamemezwa. Wote waliona matokeo kwenye banda la pili. Walipozidi wingi, waliangalia na machache ya banda la kwanza. Nyama ilipoisha walifuta midomo, wakasifu uzalendo wa Bi Mashavu, wakaondoka wakichokonoa meno.

*

Siku moja Mashavu alikwenda kutupa mashudu banda la pili, akaona mkono wake unatupa chakula kingi kuliko midomo. Alisimama pale na ungo wake. Ile jamii yake ya kuku iliyowashinda mbio shemeji zake ilikuwa inakwisha, na yeye ndiye aliyekuwa anaikaanga.

Akamwendea Chilumba, aliyekuwa anaandika kwa chaki kwenye ubao wa uani. Palikuwa na safu mbili: Waliopo, na Waliotoweka kwa Athari za Lishe.

"Baba, hapa umeandika nini? Athari za lishe? Yule mtetea mwekundu alitoweka kwa athari za Mwenyekiti!"

Chilumba alitazama kushoto na kulia. "Shh! Mama, unataka niandikeje? 'Ameliwa'? Na nani? Hayo ni masimango ya chaki! Mimi nina watoto."

"Basi usiandike kitu."

"Siwezi. Kuku hayupo. Asipokuwepo lazima awe na sababu, na sababu nilizoruhusiwa ni hiyo moja."

"Kwa hiyo mlonge ndio umewaua?"

"Mlonge hauna wa kuutetea, mama," alisema, akapangusa vumbi la chaki kwenye suruali. "Mimi nimekula shingo tu, unajua."

Mashavu akaanza vita yake ya kimya kimya. Tume iliporudi, aliwapikia maharage ya nazi. Waliyatazama hadi yakapoa, kisha katibu akauliza kwa upole kama mwenye nyumba amefiwa. Safari nyingine aliondoka kabisa nyumbani, akaenda kukaa kwa dada yake. Wageni walikaa barazani wakamsubiri, wakamtuma mjumbe wa nyumba kumi amlete, naye alimleta huku akimwambia njiani, "Bibie, unaniaibisha. Watu wazito wale wamekaa na njaa mtaani kwangu."

Mwisho akachinjisha kuku wa maranda. Alimbandika asubuhi, akamchochea kuni hadi adhuhuri, akamtia ndimu, papai bichi na maneno makali. Kiongozi wa Kikosi Kazi akauma. Akauma tena kwa jino la upande wa pili.

"Bi Mashavu, hii ni nyama au mlango?"

"Ni Nyuzi Lishe Asilia, Mheshimiwa. Lishe ya taifa."

Yule bwana alikitoa alichokuwa anakitafuna, akakitazama, akakirudisha sahanini taratibu kwa heshima ya bendera.

"Kuku wa banda la tatu," alitangaza, "wana uimara. Kuanzia leo wasiguswe. Huyu mmoja ahesabike kuwa yupo." Kisha akamgeukia dereva wake. "Kaangalie kule banda la pili."

*

Siku ya kutangaza matokeo, ua wa Mashavu ulifunikwa turubai. Viti vya plastiki vilipangwa, vya kukodi nyuma, vyenye vitambaa mbele. Kwaya ya Wizara iliimba wimbo wenye beti za kumsifu Waziri, beti za kumsifu Mkuu wa Nchi, na kiitikio cha "koko, koko". Mtaa wote ulikuwepo. Mwajabu alikuwa amejiremba kama anaolewa yeye.

Kwenye mabanda hali ilikuwa hivi. Banda la kwanza walibaki wachache wenye wasiwasi. Banda la pili walibaki mtetea mmoja mweusi na jogoo mmoja. Hao ndio mbegu yote iliyobaki ya kuku wazuri wa Mashavu, na wakiondoka hao, hakuna pa kuanzia. Tangu alfajiri alikuwa akiwatazama na kunong'ona, "Leo ni leo tu. Leo wakiisha kusema, mnarudi kwangu." Banda la tatu walikuwepo wote, isipokuwa yule aliyehesabika kuwa yupo.

Dokta Dokta Sangoda akasimama. Kipaza sauti kikapiga mluzi, naye akaupokea kama shangwe.

"Ndugu wananchi! Sayansi haina upendeleo! Tulianza na mabanda matatu yaliyo sawasawa. Leo, je? Banda la mahindi limepukutika! Na banda la mlonge, ndugu zangu, inatia uchungu, limeteketea! Wamebaki wawili tu, nao wako mahututi!"

Jogoo wa banda la pili, aliyekuwa mahututi, akawika, kisha akamkimbiza mtetea kuzunguka uzio kwa namna ambayo wazazi waliwafunika watoto macho.

"Lakini tazameni banda la Nyuzi Lishe Asilia! Hakuna aliyetoweka! Wote wamesimama imara!"

Kusimama walisimama. Wengine Chilumba alikuwa amewaegemeza ukutani tangu asubuhi.

Shemeji wa Waziri akavikwa nishani, akalia kidogo. Ikatangazwa kwamba kuanzia siku hiyo kila kuku wa nchi atakula maranda, na kwamba mlonge ni sumu, mti wake ukatwe popote unapoonekana.

"Na hawa wawili wenye sumu," alimalizia Waziri, akielekeza kidole kwenye banda la pili, "kwa usalama wa umma, watateketezwa leo hii, hapa hapa!"

"Kwa moto wa mkaa, Mheshimiwa," msaidizi wake alinong'ona, na kipaza sauti kikaudaka mnong'ono. "Polepole. Ndimu ninazo."

Dereva akajitokeza, kisu kiunoni.

Mashavu akasimama. Maisha yake yote hakuwahi kumsimanga mtu, hata shemeji zake, hata yule mpangaji aliyekula futari yake mwezi mzima na kuhama usiku wa Idi. Jina lake lote lilikuwa limesimama juu ya neno moja ambalo hajawahi kulisema.

Mwajabu akamshika kanga. "Shoga, kaa. Watakufunga."

"Wanifunge nikiwa nimeshasema."

Akatoka mbele, mikono kiunoni.

"Mwenyekiti wa Kamati! Wewe, usijifiche nyuma ya kwaya! Ulimla mtetea wangu mwekundu, ukaniachia manyoya, na ungejua mapishi yake nayo ungeyabeba! Firigisi uliipokonya kichupani! Wewe wa Tume, ulikula mgongo, ukala bawa, ukafunga paja kwenye gazeti ukasema ni la mgonjwa. Mgonjwa yupi? Mkeo tunamjua, anacheza ngoma kuliko sisi! Wewe wa Kikosi Kazi ulikuja kwangu mkanda umefika tundu la mwisho ndani. Leo umetoboa mapya kwa msumari, nayaona hapa nilipo!"

Mpiga picha wa serikali alishusha kamera akaifunika kwa kofia.

"Na wewe, Mheshimiwa Dokta Dokta. Dokta wa kwanza alikula paja la kulia. Dokta wa pili akala la kushoto. Halafu wote wawili mkauliza kama kuna mchuzi! Kuku wangu hawakufa kwa mlonge. Mlonge uliwanenepesha, na unene wao ndio uliowaponza kwenu. Hao wa maranda wamesalia kwa sababu hawaliki, na wanaishi kwa ukoko wa Mwajabu! Ninyi ndio ugonjwa wa kuku wa nchi hii! Mnakula kilicho kizuri, kisha mnakiandika kuwa kibaya kwa sababu hakipo!"

Kisha Mwajabu, ambaye hajawahi kuachwa nyuma kwenye maneno, akarukia juu ya kiti cha kukodi.

"Na mimi ndiye niliyewanawisha mikono! Mafuta niliyomwaga hadi leo hayajaganduka kwenye mfereji!"

Mtaa ukapasuka. Watu walicheka wakashikana, wakacheka wakalia, mwanakwaya mmoja akacheka kwa sauti ya tatu. Laiti wangepiga kelele za hasira, Waziri angejua la kufanya, polisi walikuwepo. Kicheko hakikuwa kwenye ratiba.

Akaitwa mwanasheria wa Wizara. Wakanong'ona, wakafunua kitabu cha sheria, wakanong'ona. Mwanasheria akasoma kwa sauti ya msiba:

"Mtu yeyote atakayemsimanga kiongozi, nyumba yake itavuliwa heshima ya kutembelewa. Mlango wake hautakanyagwa na kamati, tume, kikosi kazi wala mheshimiwa wa ngazi yoyote, yeye na kizazi chake. Nyumba itawekwa alama ili ijulikane."

Sheria hiyo iliandikwa na watu ambao, walipokaa kufikiri ni jambo gani baya kupita yote linaloweza kumpata binadamu, waliona ni kutowaona wao.

"Ndiyo adhabu yenyewe?" aliuliza Mashavu.

"Ndiyo," alisema Waziri kwa kishindo. "Na isikilizwe na wengine!"

Akaletwa mtu na kopo la rangi nyekundu, akapiga alama kubwa ya X ukutani, kama zile za nyumba zinazosubiri tingatinga. Katika fujo hizo mtetea mweusi na jogoo walikuwa wamepenya uzio wakaingia jikoni, chini ya uchaga wa kuni. Dereva akawafuata na kisu, akaufikia mlango, akainua mguu.

"Simama!" alipiga kelele mwanasheria. "Huruhusiwi kukanyaga hapo!"

Mguu ukabaki hewani. Dereva akamtazama Waziri, Waziri akamtazama mwanasheria, mwanasheria akatazama kifungu. Rangi ilikuwa bado mbichi, inachuruzika. Msaidizi mwenye ndimu akazirudisha mfukoni, moja moja.

*

Maranda yakasambazwa nchi nzima, kwenye magunia yenye picha ya kuku anayetabasamu. Lakini huko kwingine hakukuwa na Mwajabu wala ukoko wake. Kuku wakaanguka mabandani kama majani. Wizara ikasema wanapumzika. Miti ya mlonge ikakatwa barabarani, makanisani, misikitini na hospitalini, na waliokata wakalipwa kwa maranda.

Vichochoroni, ile jioni ya matokeo, kabla viti vya kukodi havijaondolewa, Mwajabu alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa Mashavu, kichwa upande, akitazama ile X kama mtu anayechagua kitenge.

"Shoga, hiyo rangi imebaki?"

"Kopo hilo hapo. Lakini lazima kwanza usimange."

"Hilo nalo la kunifundisha?"

Asubuhi foleni ilikuwa imefika msikitini. Watu walijipanga nje ya ofisi ya mtaa, kila mmoja na lake kifuani. Mzee mmoja alisimanga mbuzi aliyeliwa na msafara wa mkuu wa wilaya enzi hizo bado ana meno. Mama mmoja alisimanga chapati. Mjumbe wa nyumba kumi alijisimanga mwenyewe, kwa kuogopa kupitwa. Rangi ikaisha, watu wakatumia ngeu, ule udongo mwekundu wa mafundi, na ngeu ilipoisha, nyanya. Mtetea mweusi wa Mashavu akaatamia, na vifaranga vya mbegu ile vikaanza kuhamia nyumba hadi nyumba, vikilishwa mlonge uliopandwa ndani ya ndoo, vyumbani, nyuma ya mapazia. Nani angeingia kuukata?

Upande wa serikali, mambo yalikuwa magumu. Kamati zilizunguka nchi nzima na zilikopokelewa zilitengewa mlango wa kuchemsha. Meno ya waheshimiwa yaliripotiwa kutoweka kwa athari za lishe. Kiongozi wa Kikosi Kazi alirudi kwenye tundu la mwisho la mkanda.

Ikawa Ijumaa moja, saa ya chakula, msafara wa Dokta Dokta Sangoda ukaingia Vichochoroni. Gari la mbele lilikuwa na kipaza sauti juu.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu imewasamehe! Kuanzia sasa mnaruhusiwa kutembelewa tena!"

Hakutoka mtu. Mtaa mzima ulikuwa mwekundu kwa alama. Ulikuwa unanuka kitunguu kinachokaangwa, na kutoka nyumba ya Mashavu zilisikika sauti za watu wengi waliobanana, vyombo, vicheko, na mtu akisema kwa raha, "Nisogezee hiyo sahani, usiwe mchoyo."

Waziri akashuka mwenyewe. Akaweka tai sawa, akamsukuma kando Chilumba aliyekuja na msafara, akagonga mlango kwa kiganja.

"Hodi," alisema.

Akagonga tena.

"Hodi, Bi Mashavu. Hodi jamani. Ni mimi."

Alisubiri "karibu". Mashavu alimsikia, na mdomo wake, kwa mazoea ya miaka yote, ukataka kufunguka. Lakini ulikuwa umejaa paja, paja lake mwenyewe la kuku wake mwenyewe, na mtu mwenye adabu hasemi na chakula mdomoni. Akaendelea kutafuna.